Gari Likikwama, Nani Anapita?

Kitabu nilikiokota Bukavu, kwa muuza vitabu vya mitumba, katikati ya kamusi zilizochanika na Biblia zisizo na jalada. Ni tafsiri ya Kifaransa ya ripoti ya Mwingereza Colin Buchanan kuhusu magari mijini, iliyotoka London mwaka 1963. Nikakisomea kwetu Kabambare, mashariki mwa Kongo, ambako mlio wa lori ni habari ya kijiji kizima.

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika mbavu. “Yaya, gari lenyewe hatuna, wewe unasoma foleni za Wazungu?”

Kicheko hicho nakijibu hapa, kwa sababu kimebeba imani tuliyolishwa tangu shuleni: barabara ya gari ikifika, maendeleo yamefika, na anayetembea kwa miguu anangoja tu zamu yake ya kuwa mtu.

Watu wa mwisho kuamini hivyo tungekuwa sisi. Kabambare haijaanza leo kupitiwa na njia kuu. Misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji ilipita hapa kwenda Kasongo na Nyangwe. Livingstone alikwama hapa mwaka 1870, miguu imejaa vidonda. Njia ile ilifanya kazi yake barabara: pembe na watumwa walikwenda pwani, bunduki na vitambaa vikarudi. Mwaka 1893 jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji lilipowang'oa wafanyabiashara wa Kiarabu Kasongo, njia ilibaki, mwenye mzigo ndiye aliyebadilika. Na mwaka 2016, mgodi wa Namoya, hapa kwetu, ulipoanza kutoa dhahabu kibiashara, mitambo mizito ilikuwa imekwisha kufika. Mitambo haikukosa njia. Njia haina huruma wala upendeleo. Hubeba kile kinachopakiwa na mwenye nguvu.

Sasa turudi kwa Buchanan. Anasema mji ni kama hospitali kubwa: ina korido za kupitia na ina vyumba vya kukaa. Chakula, dawa na machela vyote hupita koridoni. Hakuna anayefungua njia katikati ya wodi. Kwetu sokoni, shuleni na kisimani ndiko wodini, na vyote vimejipanga kando ya njia ileile moja. Tukiifungua kwa ajili ya mwendo wa kasi peke yake, tutakuwa tumepitisha korido juu ya vitanda vya wagonjwa.

Wakubwa wake nao walimsikia kwa sikio moja. Waziri aliyeagiza ripoti hiyo, Ernest Marples, alitokea kwenye biashara ya kujenga barabara. Mwaka huohuo wa 1963 ilitoka pia ripoti ya Richard Beeching, iliyotaka vituo vya reli zaidi ya 2,000 vifungwe. Reli ikakatwa, lami ikamwagwa, na ile habari ya kulinda vyumba ikaachwa kitabuni. Hao ndio tunaotaka kuwaiga bila kuwasoma.

Msimu wa mvua, nenda ukasimame kwenye kilima chochote kati ya hapa na Kasongo. Lori limezama hadi ekseli. Abiria waliokuwa wamekalia magunia wakiwatazama wa chini kama sisimizi, sasa wamevua viatu. Aliye juu mngoje chini! Pembeni anapita kijana na kinga yake, ndiyo baiskeli yetu. Hajaipanda. Amefunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, anaisukuma ikiwa na bidoni za mawese. Anafika kwenye magogo mawili yanayoitwa daraja. Anafungua kamba, anavusha bidoni moja moja, anarudi kuchukua kinga, anafunga upya. Nyuma yake mama amebeba kikapu cha mihogo mgongoni, kamba imemkaza paji la uso, naye anayapima magogo yaleyale kwa unyayo. Hao ndio wanaotulisha. Na hakuna mkutano wa barabara niliowahi kuhudhuria uliouliza magogo yale yana upana gani.

Mtanijibu: mama mjamzito usiku wa manane abebwe kwa kinga? Hapana. Lakini mtazameni anavyobebwa leo: kwa pikipiki, na pikipiki huzuiwa na kitu kilekile kinachomzuia kijana wa mawese. Daraja lenye mbao zilizokaza na mtaro unaotoa maji njiani vitampitisha yeye kwanza, kisha kinga, kisha lori. Kipande kipana kilichochongwa na tingatinga bila mtaro hakimpitishi yeyote, kwani mvua moja tu hukigeuza kuwa mto.

Kwa hiyo mheshimiwa akija kutuahidi barabara, tusipige vigelegele haraka. Tumpeleke kwenye yale magogo mawili, tumtwishe bidoni moja ya mawese, tumwombe avuke. Akifika ng'ambo, ahadi yake tutaizungumzia hukohuko.