Kilichokwama Hukwamuliwa, Hakiondolewi Tu

Yako mazoea yaliyokita mizizi katika madarasa yetu ya Kiingereza ambayo, kwa maoni yangu, wakati umewadia tuyaangalie upya. Mwalimu huandika neno ubaoni, akalitajia maana moja ya mkato, kisha akawaamuru wanafunzi walitumie katika sentensi. Neno likiwa jepesi, hapana madhara. Lakini likiwa ni kitenzi kama "dislodge", ambacho wasemao Kiingereza hukitumia katika habari za ajali, za tiba, za siasa na hata za mabomba ya jikoni, utaratibu huo humwachia mwanafunzi ganda la neno na kumnyima kiini chake.

Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba "dislodge" ni kuondoa ataandika bila kusita, "I dislodged the cup from the table", akikusudia kusema kwamba aliondoa kikombe mezani. Kisarufi sentensi hiyo haina doa. Hata hivyo, mwenye lugha yake hangeisema, kwa kuwa kikombe kilichotua mezani hakikushikwa na chochote. Mtu hukiinua akaenda zake. Kitenzi hiki hudai mambo matatu: kitu, mahali palipokishikilia kitu hicho, na nguvu ya kukitoa hapo. Pasipo mshiko hapana "dislodge".

Asili ya neno lenyewe yathibitisha hayo. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya kumtoa mtu katika makao au kambi yake. Ndani yake mmejificha "lodge", neno lile lile ambalo sisi tumeligeuza kuwa loji, nyumba ya kulaza wageni. Kwa macho ya Mwingereza, basi, risasi iliyokaa mfupani ni kama mpangaji aliyejitwalia chumba, naye daktari anayeitoa ni mwenye nyumba anayemfurusha.

Sasa tuitazame lugha yetu. Je, Kiswahili ni maskini kiasi cha kuwa na neno kuondoa peke yake kwa shughuli yote hiyo? Hasha! Wanasarufi wametuonyesha kauli ya kutendua, ambayo kwayo kitenzi hugeuzwa kikabatilisha tendo la awali. Kilichofungwa hufunguliwa, kilichobandikwa hubanduliwa, kilichochomekwa huchomolewa. Kadhalika kilichokwama hukwamuliwa, kilichonasa hunasuliwa, kilichoganda huganduliwa na palipoziba huzibuliwa. Ni kweli kwamba si kila kitenzi kiishiacho kwa sauti hizo hutendua. Kuchukua na kusugua havitendui lolote. Lakini jozi nilizozitaja anazijua hata mtoto ambaye hajatia mguu shuleni.

Tena jozi hizo zina upambanuzi ambao neno la Kiingereza halina. Gari hukwama matopeni kwa sababu mwendo wake umezuiwa. Ndege hunasa mtegoni au ulimboni kwa sababu kipo kinachomshika. Karatasi huganda kwa gundi. Mfupa wa samaki humsakama mlaji kooni. Mwingereza aweza kuzikusanya hali nyingi za aina hii chini ya kitenzi kimoja, ilhali Mswahili huuliza kwanza: kitu hiki kimeshikwaje?

Chukua mfano wa bomba lililoziba kwa tambara. Katika Kiswahili, kinachozibuliwa ni bomba, na kinachokwamuliwa ni tambara. Hapana mtu azibuaye tambara. Mwanafunzi aliyeielewa tofauti hiyo hawezi kukosea atakapoandika Kiingereza: kwake kitu cha kutendewa "dislodge" kitakuwa tambara. Asiyeielewa ataandika kwamba fundi alili-"dislodge" bomba, na msomaji atafahamu kuwa bomba zima limeng'olewa ukutani na nyumba imefurika maji.

Tuangalie jambo kubwa zaidi. Mnamo Machi 23, 2021, meli ya mizigo iitwayo Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama katika Mfereji wa Suez na kuufunga kwa siku sita. Haikutosha kusema meli iondolewe. Mchanga ulioishika ulichimbwa, meli za kuvuta zikafungwa kamba, na maji kujaa kukangojewa, hadi ilipokwamuliwa Machi 29. Aliyeisoma habari hiyo kwa Kiswahili aliona mara moja kwamba kilichokwamuliwa ni meli na kilichozibuliwa ni mfereji. Hapo ndipo maana ya "dislodge" inapojidhihirisha kikamilifu, nami nashangaa kwa nini vitabu vyetu visitoe mifano ya namna hiyo.

Sidai kwamba kukwamua ndiyo tafsiri ya "dislodge" popote litokeapo. Chama cha KANU kilipoondolewa mamlakani katika uchaguzi wa Desemba 2002, baada ya kutawala tangu uhuru mwaka 1963, Mwingereza angeweza kulitumia neno hilo bila tatizo. Sisi tulisema KANU imeng'olewa. Hakuna aliyesema imekwamuliwa, kwani kumkwamua mtu ni kumfanyia hisani, na uchaguzi ule haukuwa hisani kwa chama hicho. Mwingereza alimwona mpangaji akitolewa chumbani. Mswahili aliona mti, au pengine jino, likitoka na mizizi yake. Mwanafunzi akizilinganisha picha hizo mbili, atakuwa amejifunza lugha mbili kwa somo moja.

Huenda msomaji akaniuliza, je, haya yote si mchezo wa maneno tu? La. Liko jambo ambalo kwalo upungufu huu huacha kuwa habari ya alama za mtihani ukawa habari ya uhai. Maelezo ya Kiingereza ya huduma ya kwanza hulitumia neno "dislodge" yanapomzungumzia mtu aliyesakamwa na chakula. Anayelifasiri kuwa ni kuondoa atakimbilia kutia kidole kooni mwa mwenziwe, na kidole hicho kinachopapasa bila kuona chaweza kulisukuma tonge ndani zaidi. Anayejua kwamba maana yake ni kukwamua atafahamu kuwa panahitajika msukumo utokao nyuma ya tonge, yaani hewa iliyomo kifuani.

Ndiyo maana wataalamu hufundisha kwamba mtu asiyeweza kukohoa, kusema wala kupumua ainamishwe mbele, apigwe kwa kiganja mapigo 5 ya nguvu mgongoni katikati ya mabega. Lisipotoka, abinywe tumbo juu ya kitovu mara 5 kwa kuvutwa ndani na juu, na hayo yarudiwe kwa zamu huku msaada ukiitwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja habinywi tumbo kamwe. Hulazwa kifudifudi, kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni mara 5, kisha akageuzwa na kubinywa kifuani mara 5. Haya yote ni fasiri ya kitenzi kimoja. Mzazi aliyekikariri kwa ajili ya mtihani na asikielewe atasimama ameduwaa. Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wapo watakaopinga kwamba kukiingiza Kiswahili katika somo la Kiingereza ni kukiharibu Kiingereza. Naomba nitofautiane nao. Simo miongoni mwa wanaotaka lugha hiyo ifukuzwe nchini. Katiba ya mwaka 2010 imezifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikawa pia lugha ya taifa. Lugha mbili zilizopewa hadhi hiyo hazina sababu ya kupigana pande katika kichwa cha mtoto mmoja. Kinachokiharibu Kiingereza ni kukijenga juu ya tafsiri ya neno moja lililochakaa, ambalo hutumiwa kwa vumbi, kwa kikombe, kwa waziri na kwa mfupa wa kooni bila ubaguzi.

Kwa hivyo nawasihi waandishi wa vitabu, wakuza mitaala na walimu wenzi wa lugha zote mbili: kabla ya kumdai mwanafunzi sentensi, muulizeni kwanza kitu kimekwama wapi, kimeshikwa na nini, na nani ana nguvu ya kukitoa. Ajibu kwa lugha anayoimudu. Akishajibu, sentensi ya Kiingereza itamjia yenyewe, na itakuwa ya kweli. Usiache mbachao kwa msala upitao.