Chawa wa kuku na dawa isiyorudiwa

Mhariri,

Chawa wa kuku si utitiri, ingawa mabandani wote huitwa wadudu tu. Utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa mchana na kunyonya damu usiku. Chawa hahami: huzaliwa, huzaana na kufa juu ya kuku, na akidondoka chini haishi siku nyingi.

Msumbufu zaidi ni chawa wa mwili, Menacanthus stramineus, mwenye rangi ya manjano iliyopauka. Hana mrija wa kunyonya bali taya. Hutafuna ngozi na manyoya, na hutoboa vishina vya manyoya machanga apate damu. Manyoya ya karibu na kinyeo cha tetea yakifunuliwa, chawa huonekana wakitimka kukimbia mwanga, huku mayai yao meupe yameganda kwa mafungu kwenye mashina ya manyoya. Tetea wa namna hiyo hujidonoadonoa, hukonda na kupunguza kutaga. Waliokatwa midomo huzidiwa upesi, maana hawawezi kujichambua vizuri, jambo linalosahaulika mno.

Kuoga vumbi na majivu hupunguza chawa, lakini hakuwamalizi. Dawa ya unga huwaua walio hai. Mayai hubaki, na huanguliwa baada ya siku 4 hadi 7. Hapo ndipo wafugaji wengi hulalamika kuwa wameuziwa dawa feki, kumbe hawakuirudia. Dawa irudiwe baada ya siku 7 hadi 10, kwa kuku wote siku hiyohiyo, jogoo akiwemo.

Msomaji,
Singida