Anayeuguza Mnyama Asichekwe

Tarehe 19 Machi 2018, katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia, Kenya, alikufa Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mifupa na misuli ilikuwa imechakaa kwa uzee, ngozi ilikuwa na vidonda vikubwa, na alipofika mahali asipoweza tena kusimama madaktari walikata shauri kumpumzisha. Picha aliyoipiga Ami Vitale, inayomwonyesha mtunzaji Joseph Wachira akimbembeleza mnyama huyo katika saa zake za mwisho, ilizunguka dunia nzima na kuwaliza watu wengi. Nani aliyeiona akadiriki kusema kwamba kifaru ni kifaru tu?

Lakini mama wa Magomeni au kijana wa Kisauni akidondosha chozi kwa ajili ya mbwa wake, huulizwa kama amekosa la kulilia. Akichelewa kazini baada ya kukesha na paka anayetapika, hamtaji paka. Husema mtoto aliumwa. Anadanganya kwa haya, na haya hiyo hakuzaliwa nayo. Amefundishwa na vicheko vya watu.

Na waje wanaocheka wamtazame anayeuguza mtoto wa mbwa mwenye ugonjwa wa pavo. Ni saa nane za usiku. Mnyama wa miezi mitatu amelazwa juu ya kanga kuukuu, mguu wa mbele umefungwa plasta iliyoshika sindano, na mfuko wa dripu unaning'inia kwenye msumari wa pazia. Mwenyewe ameketi sakafuni akihesabu matone kama alivyoelekezwa na daktari wa mifugo. Mnyama anaharisha damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Mlangoni ipo ndoo ya maji yenye jiki, kwa kuwa virusi vya pavo hudumu ardhini miezi mingi na sabuni ya kawaida haiviui. Mgonjwa akiinua kichwa kidogo, tumaini linarudi. Akitapika tena, linaondoka. Usiku wa kwanza hupita hivyo, na wa pili, na wa tatu. Asubuhi mtu huyo huoga, huvaa shati safi na kwenda kazini kana kwamba amelala.

Uchovu huo umepimwa. Mwaka 2017 Mary Beth Spitznagel wa Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliohusisha watu 238 wenye mbwa au paka. Nusu yao walikuwa na wanyama wenye maradhi ya muda mrefu au ya kutishia uhai, nusu wana wanyama wazima. Waliokuwa wakiuguza walionekana kulemewa zaidi, kuwa na msongo na dalili za huzuni na wasiwasi zaidi, na kuyaona maisha yao kuwa duni zaidi. Yafaa kuangalia kipimo kilichotumika: kilitokana na kile alichokitunga Steven Zarit na wenzake mwaka 1980 kupima mzigo wa jamaa wanaowauguza wazee waliopotewa na kumbukumbu. Anayemuuguza baba yake mzee, basi, na anayemuuguza paka mwenye figo mbovu, wanaweza kuulizwa maswali ya namna moja na majibu ya wote wawili yakawa na maana.

Hakuna anayesema kwamba paka ni sawa na baba. Linalosemwa ni kwamba mgongo unaobeba ni uleule.

Tena mzigo wa mnyama una uzito wake wa pekee. Mgonjwa hasemi. Haonyeshi kwa kidole panapouma, wala haelewi kwa nini mkono uliomlisha jana leo unamchoma sindano. Humtazama tu mwenyewe, na jicho hilo humfuata mtu hadi ofisini. Halafu kuna fedha. Dripu, vipimo na nauli ya daktari havingoji mwisho wa mwezi. Anayevilipia hujiona mwizi wa ada ya watoto. Asiyevilipia hujiona muuaji. Katika nyumba nyingi jambo hili huzua ugomvi, na mwenye huzuni huanza kununua dawa kwa siri.

Huko Lamu, ambako punda bado hubeba mchanga, mawe na maji katika vichochoro, maumivu ya moyo na ya mfuko huja siku moja. Punda hula plastiki zilizotupwa mitaani, tumbo likaziba. Tangu mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa likitoa huduma kwa punda wa kisiwa hicho, na mwenye punda mgonjwa anayefika kwao hakuleta mashine iliyoharibika. Ameleta kiumbe anayejua mlio wa sauti yake, na ambaye siku akilala chini, nyumbani hapaingii kitu.

Wapo watakaosema kwamba huruma ya namna hii ni mambo ya Wazungu. Hawakusikiliza vizuri walipofundishwa dini zao. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim yumo aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na yumo mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa. Katika Biblia, nabii Nathani alipotaka kuugusa moyo wa Mfalme Daudi, alimsimulia habari za maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja, aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake kama binti yake. Mfalme hakucheka. Alighadhibika kwa niaba ya maskini yule.

Dhara la kejeli humrudia mnyama mwenyewe. Aliyezoea kuchekwa huchelewa kumwita daktari, na pavo haingoji: mtoto wa mbwa anayepata maji na dawa mapema ana nafasi nzuri ya kupona, ilhali asiyetibiwa kwa kawaida hufa. Dhara la pili ni kubwa zaidi. Anayeuguza peke yake hana wa kushauriana naye saa ya uamuzi inapofika, hivyo huendelea kumtibu mnyama aliyekwisha kuchoka, au humkatisha uhai kwa pupa na kujilaumu miaka mingi. Daktari Alice Villalobos wa Marekani alitunga mwaka 2004 njia ya kuwasaidia watu kama hao: hutoa alama kwa maumivu, ulaji, unywaji wa maji, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Hesabu hiyo haiondoi uchungu. Inampa mtu kitu cha kushika, na inamwonyesha kwamba kumpumzisha mnyama asiyeweza kupona si kumsaliti.

Kwa hiyo daktari wa mifugo na aseme waziwazi, kabla ya sindano ya kwanza, tumaini ni kiasi gani na gharama ni kiasi gani. Watu wa nyumba moja na wagawane zamu za usiku, hata yule asiyempenda mbwa. Anayepaswa kuhurumiwa naye ni mkewe au nduguye aliyeketi sakafuni. Mwajiri akiambiwa ukweli asimfanye mtu kichekesho cha ofisi. Na jirani aache lile neno "ni paka tu", aulize badala yake: ameamkaje?

Mnyama akifa, asitupwe jalalani gizani kwa kuogopa maneno ya watu. Achimbiwe shimo refu, matambara yake yachomwe moto, na watoto waliomlisha waitwe wawepo, waulize watakayo kuuliza. Jirani aliyesikia kilio kupitia ukutani aje na jembe lake.