Nani alipe ili mto Kimemi usafike?

Mto Kimemi unapita katika mji wa Butembo, na komini moja kati ya nne za mji huu imechukua jina lake. Mto huo unapokea pia vile ambavyo jamaa zetu hazitaki kuviona tena: maji ya kufulia, maji ya jikoni na, mvua ikinyesha, hata uchafu wa vyoo. Butembo haina mifereji ya pamoja wala kituo cha kusafisha maji hayo.

Je, wakaaji wangekubali kulipa? Wataalamu hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza: ungetoa makuta ngapi kwa mwezi? Jibu hilo tulipime vizuri. Kumwambia mgeni ndiyo hakugharimu kitu, na anayesema hapana si lazima awe mchoyo. Ukilipia maji safi, unayanywa mwenyewe. Ukilipia maji machafu, anayefaidika kwanza ni jirani wa bondeni.

Tusiseme watu wetu hawapendi kutoa. Wazazi wa Kongo walibeba mishahara ya walimu kwa miaka mingi, mpaka masomo ya msingi ya bure yalipoanza mwaka 2019. Walilipa kwa kuwa walimwona mwalimu darasani. Kinachokataliwa ni kodi isiyojulikana inakwenda wapi. Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 na kupiga sana Katwa na Butembo, ilituonyesha kwamba hata huduma ya bure hukataliwa pasipo uaminifu.

Kampala ina kituo kikubwa pale Bugolobi, lakini nyumba nyingi za mji ule bado zinatumia vyoo vya shimo. Kwa hiyo si lazima tuanze na bomba chini ya kila avenyu. Tungeanza na mahali salama pa kupeleka uchafu wa vyoo, na bei ya kuvitapisha ambayo jamaa ya kawaida inaiweza. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 iliondoa ukiritimba wa Regideso na kuwapa viongozi wa chini nafasi ya kutenda.

Tunaona masharti matatu. Mchango uanzie kartie moja, matokeo yaonekane. Hesabu isomwe hadharani, kama tunavyosoma hesabu ya sadaka. Na mjane au mkimbizi wa vita asitozwe sawa na mwenye hoteli.

Kumbukumbu la Torati sura ya 23 linawaagiza Waisraeli kufukia uchafu wao nje ya kambi. Usafi ulikuwa deni la kila mmoja kwa kambi nzima. Kwetu, kambi hiyo inafika hadi kwa wale wanaochota maji chini ya mto.