Kabla Hatujamlaumu Aliyekwenda Maskati



Kila baada ya muda huzuka habari ya msichana wa kwetu aliyerudi kutoka Omani mgonjwa au mikono mitupu, na sisi barazani tunaanza: "Tamaa tu hizo. Kwani hapa kazi hakuna?" Leo tulijibu suali hilo kwa haki.

Madhila ya huko ni ya kweli. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu. Walieleza kunyang'anywa paspoti, kufanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, na kutolipwa mshahara waliokubaliana. Mzizi wake ni kafala: viza ya mfanyakazi imefungwa kwa mwajiri mmoja, na akiondoka bila ya ridhaa yake anaweza kuhesabiwa mtoro.

Wasichana wetu wanayasikia hayo na bado wanapanda ndege. Riali moja ya Omani ni zaidi ya dola mbili na nusu, lakini hilo peke yake halimtoi mtu kwa mamake. Kinachomtoa ni hesabu anayoipiga akiwa jikoni kwetu na kwenye vyarahani vyetu.

Sisi wenye viduka vya kushona tuseme ukweli. Ramadhani ikiingia tunawaweka wasichana mpaka wakati wa daku, wakishona madera na mabaibui ya watu. Idi ikipita tunawapa kidogo cha sabuni na kuwaambia biashara ilikuwa ngumu. Tulikuwa na msichana mmoja, fundi hasa, wateja wakija wakimuulizia yeye. Kila mwisho wa mwezi tulimwambia avute subira. Siku moja akaja kutuaga, tiketi imeshakatwa. Tukasema hana shukurani. Hatukujiuliza shukurani ya nini.

Na majumbani je? Dada wa kazi tunamtoa shamba angali mdogo. Siku ya kupumzika hana, mshahara wake "tunamuwekea" sisi, na simu yake tunaishika sisi. Hiyo na kafala zina tofauti gani, ila huyu hakupanda ndege?

Tukiisoma Sura ya Al-Mutaffifin tunadhani inawahusu wauza mchele na unga peke yao. Mwenye kudai kazi kamili akatoa ujira nusu, naye kashika mizani ya kupunja. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Hatusemi mwenye charahani mbili alipe kama Maskati. Hatuna uwezo huo. Tunasema yale tunayoyaweza. Mshahara utajwe kabla ya kazi na uandikwe, hata kwenye daftari la vipimo. Ulipwe tarehe ile ile. Kazi ya usiku iwe na malipo yake. Mwanafunzi akishakuwa fundi, alipwe kama fundi. Na dada wa ndani apate siku nzima ya mapumziko kila wiki, kama unavyotaka Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011.

Wapo watakaokwenda hata hivyo, na kusafiri kutafuta riziki ya halali si aibu. Wausome mkataba kwa lugha wanayoifahamu, na nakala ya paspoti pamoja na jina na simu ya mwajiri vibaki kwa mama. Lakini waende kwa kuchagua, wasiende kwa kutukimbia sisi.

Mwezi huu, kabla hatujanunua pea mpya ya kanga, tufungue daftari tuwatazame wasichana wanaotudai. Dawa ya deni ni kulipa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wepesi wa kulipa kama tulivyo wepesi wa kudai. Amin.