Nambari Isisafiri Bila Kipimo Chake

Mwanafunzi wa fizikia aandikapo jibu bila kipimo hukatwa alama. Wengine huuona huo kuwa ukali usio na sababu. Yafaa tuonyeshe jinsi kanuni hiyo inavyohusu pia kazi ya kompyuta.

Kila programu hapana budi ijaribiwe kabla ya kutumika. Aghalabu majaribio hayo huendeshwa na programu nyingine, nayo huziita programu ndogo za nje zipime jambo fulani na kurudisha jibu. Programu hizo hupashana vigeu, yaani majina yanayoshika thamani kama ifanyavyo herufi x katika aljebra. Lakini mara nyingi thamani ivukapo kutoka programu moja kwenda nyingine husafiri kama maandishi matupu. Aina yake na kipimo chake hubaki nyuma.

Tuseme kikomo cha joto ni 9, na programu ya nje imeleta 10. Kompyuta ikilinganisha nambari, itasema kikomo kimevukwa. Ikilinganisha maandishi, itatazama kwanza tarakimu ya mwanzo. Na kwa kuwa 1 hutangulia 9, itaamua kuwa 10 ni ndogo kuliko 9. Jaribio litafaulu, na kosa litapita.

Kupotea kwa kipimo nako kuna gharama. Mwaka 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilikuwa kikielekea sayari ya Mirihi. Programu moja ya ardhini ilitoa msukumo wa injini zake ndogo kwa paundi-sekunde; hesabu zilizoupokea zikauchukua kuwa nyutoni-sekunde. Nguvu ya paundi 1 ni nyutoni 4.45 hivi. Chombo kilipita karibu mno na sayari, kikapotea tarehe 23 Septemba.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuandika masharti vizuri zaidi. Mimi naona hayo hayatoshi, kwani hata katika safari ile masharti yaliyoandikwa yalitaka nyutoni. Kilichokosekana ni ukaguzi. Kila thamani ipelekwe pamoja na jina, aina na kipimo chake. Na programu inayopokea ivikague, kisha ikatae kilicho pungufu badala ya kukisia.

Mwalimu akataaye jibu lisilo na kipimo anafanya kazi hiyo hiyo ya mpokeaji. Asilegeze.