Kaskazi hii, tuulize kwanza moto utawaka kwa muda gani

Kuanzia Desemba hadi Machi, pwani yetu haipoi hata usiku. Dar es Salaam mchana hufika nyuzi joto 32, na usiku wa manane kipimo bado kinacheza kwenye 25 au 26, huku unyevu wa hewani ukilifanya shati ling'ang'anie mgongoni. Katika hali hiyo nyumba nyingi huuliza swali lile lile kila jioni: leo tupike nini? Jibu hutafutwa mfukoni na sokoni. Mchicha upo, dagaa wapo, maharage yamebaki kiasi gani, nyama leo inauzwaje? Hayo ni ya msingi, na anayeyapuuza hajawahi kuendesha nyumba. Ila katika miezi ya kaskazi swali hilo lina upungufu. Chakula cha jioni kichaguliwe kwanza kwa kuangalia moto utawaka kwa muda gani, na saa ngapi. Baada ya hapo ndipo tuzungumzie mboga.

Tuanze na hesabu. Kilo moja ya mkaa mzuri, ikiungua hadi ikabaki majivu, hutoa joto linalokaribia uniti nane za umeme. Ichome kwa saa mbili na nusu, muda ambao sufuria ya maharage makavu yasiyolowekwa, pamoja na ugali wa kufuatia, inaweza kuumaliza bila taabu. Mwili wa mtu aliyetulia hutoa joto la wati mia moja hivi. Basi jiko hilo ni sawa na wageni thelathini walioingia chumbani na kukataa kuondoka hadi usiku. Majiko yetu ya kawaida ya bati hupeleka kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto hilo, na linalobaki humpiga mpishi usoni au huishia hewani. Hata hicho kidogo kinachoingia sufuriani hakikai humo, bali hutoka na mvuke. Katika mji ambao hewa yake imekwisha kulowa, mvuke ni adhabu ya pili, kwa sababu jasho lisilokauka halipozi mwili.

Halafu kuna suala la saa. Kuta za tofali za saruji hunyonya joto la jua mchana kutwa, na jua likizama huanza kulirudisha ndani. Upepo wa bahari uliokuwa ukivuma alasiri nao hulegea. Kwa hiyo saa 1 hadi saa 3 usiku, wakati ambao wengi wetu tunapika, nyumba yenyewe inatoa joto kabla hata ya kiberiti kuwashwa. Jiko likiongezwa hapo, joto lake halina pa kwenda, na watu wanalala nalo. Kilo ile ile ya mkaa ikiwashwa saa 11 alfajiri hukuta kuta zimepoa na wenyeji wanakaribia kutoka.

Wapo watakaosema wao wanapikia uani. Heri yao. Lakini mpangaji wa chumba kimoja Manzese au Mbagala, wakati wa mvua au wizi wa sufuria, hupikia kwenye korido au mlangoni, na mwenye jiko la gesi hupikia pale pale kitanda kilipo. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa una hatari kubwa kuliko joto, maana gesi yake isiyo na harufu inaua. Na hata uani, mpishi hasogei mbali na jiko. Tunapozungumzia faraja ya nyumba tusihesabu tu waliokaa sebuleni.

Kuna imani moja ninayotaka kuiondoa njiani kabla hatujafika kwenye vyakula vyenyewe. Husemwa kwamba ugali unaleta joto na kwamba msimu huu mtu ale vyakula vya baridi. Ni kweli kwamba mwili hutumia nguvu kusaga chakula, na nguvu hiyo hugeuka joto, lakini kwa mlo wa kawaida ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyomo katika mlo huo, tena hutawanyika kwa saa kadhaa. Nyama na samaki huzidi kidogo hapo, wanga hupungua. Ukilinganisha na jiko, ni jambo dogo sana. Chai ya moto nayo ina watetezi wake, wanaodai kwamba humtoa mtu jasho na kumpoza. Huko kwenye ukavu wa Dodoma huenda wana hoja, ila kwa unyevu wa Tanga jasho hilo hudondoka tu sakafuni. Lawama tunazouangushia ugali zinastahili kwenda kwa kile kilichotangulia kukaa jikoni kabla yake.

Na hapa ndipo pa kutulia. Ugali wa familia ndogo huiva kwa dakika 15 hadi 20. Mchicha, matembele, bamia na mlenda ni mambo ya dakika chache, na anayechemsha mchicha nusu saa anauharibu. Dagaa waliochambuliwa mapema hukaangwa kwa nyanya na kitunguu, wakawa mezani kabla taarifa ya habari haijaisha. Vibua wawili watatu, mayai, tambi, choroko zilizolowekwa tangu asubuhi: vyote hivi vina moto mfupi. Na tuna neema ya vitu visivyohitaji moto kabisa: embe, ambazo bahati nzuri hujaa sokoni wakati huu huu, matango, nyanya za kachumbari, parachichi, na maziwa mgando ambayo kwa ugali hayahitaji hata mchuzi. Mtu anaweza kushiba vizuri jioni kwa jiko lililowaka nusu saa.

Upande wa pili wako wakubwa wa jiko: maharage, makande, kisamvu, kongoro, utumbo, mifupa ya supu. Sisemi viachwe. Maharage ni protini ya mnyonge, na mwandishi anayemwambia mtu wa kipato cha chini aache maharage ale mayai kila siku hana budi kumpa na hela ya mayai. Ninachosema ni kwamba vyakula hivi havina kazi jikoni saa 2 usiku mwezi wa Februari. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, na muda wa jikoni utapungua sana. Kwa yale mekundu kuna sharti moja: yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, kwani yakipikwa kwa moto hafifu tu hubaki na sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Kisamvu nacho hakina njia ya mkato. Majani ya muhogo yana sianidi, na kutwanga na kuchemsha kwa muda wa kutosha ndiko kunakoiondoa. Basi kisamvu kiwe cha Jumapili mchana, wakati watu wapo na milango iko wazi.

Wala huku si kuzua jambo geni. Katika familia nyingi za Unguja na Pemba mlo mkubwa, wali na mchuzi wake, ni wa mchana. Usiku huwa mkate, chai, pengine samaki kidogo au kilichobaki. Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, nako sinia la wali huheshimiwa mchana. Watu walioishi na joto kwa karne nyingi walikwisha kuligawa jiko na jua. Sisi wa miji mikubwa ya bara na pwani, kwa ajili ya ofisi, daladala na foleni, tuliuhamisha mlo mkubwa ukaangukia usiku, na moto ukaufuata.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu kiporo. Mtu atasema: ukipika alfajiri ukala usiku bila friji, unamtafutia mtoto kipindupindu cha nyumbani. Hoja hii ni ya haki. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Kitunzwe chini ya nyuzi 5 au kibaki kikifuka juu ya nyuzi 60. Wali ndio mjanja kuliko vyote: una vijidudu vinavyovumilia kuchemshwa, ambavyo huamka wali ukikaa vuguvugu na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Chochote chenye nazi huchacha upesi, kila mama wa pwani analijua hilo bila kuambiwa na shirika lolote.

Kwa hiyo hoja yangu lazima igawanyike mara mbili. Mwenye friji apike maharage yake alfajiri bila nazi, ayagawe katika vyombo vidogo yapoe haraka, ayaweke kwenye friji, na jioni ayachemshe upya, nazi itiwe hapo hapo. Asiye na friji asijaribu kupika alfajiri cha kuliwa usiku. Yeye ana njia mbili: kitu kizito kiwe cha mchana pale inapowezekana, na jioni ibaki na moto mfupi, au atumie kapu. Sufuria iliyochemka kwa nguvu huondolewa jikoni ikafunikwa vizuri ndani ya kapu lililojazwa pamba, blanketi kuukuu au vipande vya godoro, na humo maharage huendelea kuiva yenyewe kwa saa kadhaa bila mkaa. Kabla ya kula yachemshwe tena kwa muda mfupi. Ni njia ya zamani, haina bei, na sielewi kwa nini tumeiachia miradi ya mafunzo ya wiki moja.

Kuna wanaorudi nyumbani usiku na kwao chakula cha jioni ndicho pekee ambacho familia hukutana. Hao hawatakiwi kuhamisha mlo. Meza ibaki pale pale, ugali ubaki pale pale; kinachobadilika ni kitoweo. Pingamizi la kweli zaidi kwao ni kwamba kuloweka, kuchambua dagaa mapema na kuamka alfajiri ni kazi nyingine juu ya mwanamke ambaye tayari ndiye wa mwisho kulala. Nakubali, na sina jibu la kifundi kwa hilo. Jibu lake ni kwamba anayetaka maharage ya kuungwa saa 2 usiku, ilhali yeye amekaa chini ya feni, ayaloweke mwenyewe usiku wa jana yake. Uamuzi wa chakula na mwiko vikiwa katika mkono mmoja, nina hakika kachumbari itaonekana mezani mara nyingi zaidi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mjadala wake umejaa misitu na mapafu, na ni sawa, kwani moshi wa majumbani huua mamilioni ya watu duniani kila mwaka. Ila joto halitajwi sana. Jiko la umeme la presha lina kuta zinazozuia joto kutoka, linahifadhi mvuke wake, na linaivisha maharage kwa umeme ambao kwa kawaida haufiki uniti moja, bila kukigeuza chumba kuwa tanuri. Kwa mpangaji wa chumba kimoja hii ni sababu yenye uzito kuliko hotuba ya miti. Tatizo ni bei ya kulinunua kwa mkupuo mmoja, wakati mkaa unauzwa kwa kopo. Kama ruzuku iliwezekana kwenye mitungi ya gesi, na majiko haya yaingizwe humo, yalipwe kidogo kidogo kupitia mita ya umeme ya LUKU.

Imebaki Ramadhani, na hapa naandika kwa tahadhari. Mwezi huu hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka. Mwaka 2026 uliangukia Februari na Machi, utaingia Januari mwaka 2028, na mwaka 2030 utaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa ijayo futari itapikwa katikati ya kaskazi, na itapikwa na watu wenye kiu, kuanzia alasiri hadi magharibi. Kuhamishia alfajiri haiwezekani kwa mlo unaopaswa kuwa wa moto, umetoka jikoni punde, jua linapozama. Hapa kinachopunguzwa ni idadi ya sufuria. Tende na maji havihitaji jiko. Uji wa pilipili manga huiva upesi. Muhogo wa nazi na samaki mmoja wa kukaanga ni futari kamili, na kaimati, sambusa, tambi, magimbi na katlesi zinaweza kupokezana siku badala ya kukutana zote kwenye mkeka mmoja. Wageni wakija, majirani wa nyumba tatu wanaweza kugawana: huyu viazi, yule uji, wa tatu maharage, kila mmoja akiwasha jiko moja tu.